Pindo la Asumini

Miaka ile ya tisini, ruhusa ya kuleta bidhaa za nje ilipokwisha kuingia mpaka jikoni na makontena ya Kurasini yakawa yanatapika kila kitu, kuanzia majokofu mabovu hadi viatu vya mguu mmoja, Temeke iliingiwa na homa ya pindo. Sisemi pindo la khanga, hilo lilikuwapo tangu enzi za bibi zetu. Nasema pindo la kaseti. Kaseti ya harusi isiyozungushiwa maua pande zote nne ilihesabika kuwa iko uchi, na mama aliyethubutu kuwaonyesha watu kaseti ya namna hiyo alijua atasemwa mpaka Mfungo Sita. Aliyeileta homa hiyo alikuwa mtu mmoja tu, Twaha wa Keko, na ndiye ambaye mwisho wa yote ilimuumbua mbele za watu.

Twaha alikuwa mpiga picha za video. Chumba chake kilibanana katikati ya karakana za maseremala, na mgeni akikaa humo kidogo tu alitoka na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa na deki mbili, runinga ndogo, na kompyuta aliyoipata kwa wakala mmoja wa forodha ambaye hakujua ni ya kazi gani. Kompyuta hiyo aliifunika khanga na kuipepea kama mgonjwa wa homa. Ukiiweka katikati ya deki mbili, picha ikitoka deki hii kwenda ile, yenyewe inaitandazia maua juu yake. Wala si kwa kubonyeza kitufe kimoja. Unaiandikia maagizo, mstari baada ya mstari, kwa maneno machache ya Kiingereza ambayo Twaha aliyaokota katika kijitabu kisicho na jalada: picha ikifika hapa, weka pindo, upana wake uwe huu, ikifika pale, punguza kushoto, ongeza kulia. Ikishayasoma, inatii.

"Sijawahi kuwa na mfanyakazi mtiifu kama huyu," Twaha alipenda kusema.

"Mtumishi asiyeuliza maswali ndiye atakayekuvua nguo sokoni," alimjibu Gregori, seremala wa mlango wa pili, mtu wa Masasi, ambaye mdomo wake ulikuwa mkali kuliko randa yake.

Sasa Bi Mwajabu wa Mtoni alipomwoza binti yake Mwanaidi, nani mwingine angeitwa? Twaha alikwenda kupokea maelezo, akavua viatu mbali kabisa na mlango, akatoa shikamoo akiwa nje, akatoa nyingine alipoingia ndani.

"Marahaba, marahaba, nimeshaipokea," alisema Bi Mwajabu. "Nisikilize. Nataka pindo la asumini, jeupe pee. Na huku chini uniandikie jina kama la khanga: Wenye Macho na Watazame. Halafu kila atakayemtunza mwanangu aonekane, yeye na mkono wake. Mtu katoa chake halafu haonekani, hiyo ni kesi. Na wewe, Twaha, mie nyie wapiga picha nawajua. Macho yenu hayana pazia. Kamera imtazame bi harusi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi Mwajabu. Shikamoo."

Msomaji asimcheke. Nyumba ile ilikuwa na jambo lililomchanganya akili, na jambo hilo lilikuwa linashona nguo barazani. Salma alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Bi Mwajabu, kalelewa hapo tangu yuko mchanga, na cherehani yake ilijulikana mtaa mzima. Twaha alikuwa mteja wake mkubwa. Suruali za kijana huyu zilikuwa na maradhi ambayo hayajapata kusikika mjini: zilifumuka pindo kila baada ya siku chache, tena mguu mmoja mmoja, ili safari ziwe nyingi. Salma alizipokea, akazishona, akamrudishia, na maongezi yao hayakuvuka habari ya uzi. Twaha alimpenda binti huyo kiasi cha kusahau maneno aliyoyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Keko.

Lakini safari hii alikwishajipanga kiume. Mjomba wake Mfaume alikwishaambiwa aitayarishe kanzu. Kilichobaki ni kaseti kupokelewa vizuri. Bi Mwajabu akishafurahi, siku mbili tatu baadaye mjomba ataingia na posa. Ndiyo maana kaseti hii haikuwa kazi kwa Twaha. Ilikuwa nusu ya ndoa yake.

Siku ya harusi alifanya kazi kama mtu anayefanya mtihani. Asubuhi aliibeba kamera begani mpaka bega likafa ganzi. Ukumbini akaisimamisha kwenye stendi yake ya miguu mitatu, mbele ya jukwaa, pembeni kidogo, akaielekeza kwa bi harusi na bwana harusi, Anwar, akaiacha itazame kama ilivyoamriwa. Salma alikuwa amevaa gauni la kijani. Twaha alilijua hilo kwa sababu alikuwa amekula kiapo cha kutolitazama.

Kesho yake akaiweka kaseti kwenye deki, akakaa kwenye stuli, akaanza kuipitia. Tabasamu alilokuwa nalo mwanzo halikufika mbali.

Bi harusi yuko katikati, na kushoto, ukingoni kabisa mwa picha, gauni la kijani. Shangazi anapanda kutunza, na kulia, gauni la kijani limeshika sinia. Keki inakatwa, gauni la kijani. Wazee wanatoa nasaha, gauni la kijani linapanga vikombe ambavyo vimeshapangwa. Kila mahali Salma alikuwapo, nusu ya uso au bega na sikio, na hakuna hata mara moja alipoitazama kamera. Alitazama sinia, alitazama zulia, alitazama dari.  Ndiyo, mikono yake ilikuwa mbali na kamera, lakini pahala pa kuisimamisha si alipachagua yeye? Na moyo wake si anaujua ulivyo mwizi? Mtu mwenye hatia hukiomba radhi hata kivuli chake.

"Nimekwisha," alimwambia Gregori aliyekuja kuazima pasi. "Bi Mwajabu akiiona hii, mjomba asihangaike kufua kanzu."

Gregori akatazama kidogo, akaikalisha ile pasi sakafuni, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Braza, hii ni harusi ya nani? Maana huyu wa katikati naona kaalikwa tu."

"Gregori, mie sitanii."

"Hata mie sitanii. Kata hivyo vipande, basi."

"Nikikata namkata na shangazi aliyetunza. Itakuwa kesi."

"Basi wewe si mtu wa mapindo? Mfunike."

Gregori alilisema neno hilo kwa mzaha, akachukua ile pasi akaenda zake. Angejua lingechukuliwa kwa uzito gani, angekaa kimya.

Twaha alianza kwa kuliongeza pindo pande zote, kaseti nzima, mpaka gauni la kijani likamezwa. Alipomaliza akamwita Gregori aje aone. Asumini zilikuwa nyingi kama zulia. Shangazi aliyetunza alibaki pua na kilemba, Anwar alipoteza sikio, na Mwanaidi maskini, pamoja na dhahabu zake zote, alikuwa anachungulia kwenye kijidirisha.

"Anauza tiketi za mpira?" aliuliza Gregori.

Twaha akafuta yote, akaanza upya, na safari hii akafanya kazi ambayo mpaka leo sijui nimsifu au nimhurumie. Aliiandikia kompyuta maagizo ya Salma peke yake. Akiingia kushoto, pindo la kushoto linanenepa mpaka limfunike, akiondoka, linakonda. Akitokea kulia, ni vilevile upande wa kulia. Akipita nyuma ya jukwaa kuhamia upande wa pili, asumini za juu zinamshukia kichwani na kwenda naye mpaka anafika. Alirudisha mkanda nyuma, akausogeza mbele, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kompyuta ikatii bila kuuliza. Pahala pamoja tu palimshinda, ambapo kuongeza upana kungemfunika Anwar mzima, na hapo akajipa moyo kwamba hakuna atakayegundua.

Alipoipitia kaseti iliyokamilika, alitafuta kitu kimoja tu, rangi ya kijani. Hakuiona ila pale pamoja tu, akamshukuru Mungu, akaizima runinga. Kwa kuwa alikuwa anamtafuta aliyefichwa, hakukitazama kifuniko.

Jumamosi alasiri sebule ya Bi Mwajabu ilijaa watu mpaka barazani. Mikeka ilitandikwa, mashangazi wa pande zote mbili walikuwapo, na bibi mzaa mama, Bibi Mwanabaraka, aliwekwa kwenye kiti mbele kabisa. Alikuwa na mtoto wa jicho. Nyuso hakuzitambua tena, lakini kitu chochote kikubwa kikitikisika alikiona. Zubeda, jirani wa mbele, ambaye kaseti ya binti yake haikuwa na pindo na alishalisikia hilo vya kutosha kutoka kwa Bi Mwajabu, alichagua pahala pazuri katikati ya mkeka. Salma alikuwa jikoni na kahawa. Twaha alisimama karibu na deki, miguu tayari kwa lolote.

Picha ikatokea, na vigelegele vikapasua bati. Asumini nyeupe pande zote, na chini, kwa herufi za dhahabu: Wenye Macho na Watazame. Bi Mwajabu alijitengeneza ushungi, akamtupia Zubeda jicho la pembeni. Twaha akaanza kupumua.

"Mbona asumini zako zimenenepa upande mmoja, shoga?" aliuliza Zubeda, taratibu.

"Ndiyo mtindo wenyewe huo. Siku hizi yanakuwa hivyo."

"Ehee. Naona zimekonda tena."

Watu wakaguna. Kwenye runinga shangazi mtu alipanda jukwaani kutunza, na maua ya kulia yakavimba kama maandazi. Shangazi akashuka, yakanywea. Kisha rundo la asumini likashuka kutoka juu, likakatiza juu ya vichwa vya maharusi likiyumbayumba, likatua kushoto.

"Kile cheupe kinachopita ni nini?" aliuliza Bibi Mwanabaraka. "Kuku?"

"Ni maua, mama," alisema Bi Mwajabu.

"Haya. Maua ya zamani yalikuwaga yanakaa."

Kicheko cha kwanza kikatoka. Bi Mwajabu hakucheka. Twaha alikuwa ameukodolea macho mkanda wake kama vile anauona kwa mara ya kwanza, na kwa kweli ndiyo kwanza alikuwa anauona. Asumini zilikuwa zinatembea. Zilipanda, zilishuka, zilingoja pembeni, zilirudi. Hata mtoto angejua kuwa humo ndani mna mtu.

"Jamani, mie nauliza tu," alisema Zubeda. "Salma yuko wapi humu? Siku ile miguu yake ndiyo iliyohudumia ukumbi mzima. Mbona sijamwona hata ukosi?"

Watu wakatazamana. Na kana kwamba kaseti yenyewe ilikuwa inasubiri kuulizwa, ndipo ikafika pale pahala pamoja palipomshinda Twaha. Kutoka ndani ya asumini ukachomoza mkono wenye kitambaa cha kijani, umeshika sinia la halua. Ukamkaribisha Anwar. Anwar akachukua. Mkono ukarudi mauani.

Nyumba iliangua kicheko ambacho wapita njia walisimama kukisikiliza. Shangazi mmoja alilala kabisa kwenye mkeka. Zubeda alifuta machozi kwa pindo la khanga yake, mwanamke aliyelipwa madeni yake yote.

"Simamisha hiyo deki," alisema Bi Mwajabu.

Twaha akasimamisha. Kicheko kikakatika.

"Mtoto huyu nimemlea mie. Mama yake alinikabidhi akiwa hajaota jino. Ana aibu gani mpaka umfunike maua kwenye harusi ya dada yake? Kilema? Ana deni na wewe? Sema, watu wasikie."

Hilo Twaha hakulitegemea. Alijiandaa kugombezwa kwa kumpiga Salma picha, na sasa anagombezwa kwa kumfuta. Aliona kanzu ya mjomba Mfaume ikirudi kabatini. Aliona pia kwamba uongo wowote atakaousema sasa utamwangukia Salma, aonekane ana kasoro mbele ya mtaa mzima, na hilo hakuwa tayari kulibeba.

"Hana aibu yoyote, Bi Mwajabu," alisema. "Mwenye aibu ni mie. Uliniambia kamera imtazame bi harusi, na kamera yangu imemfuata yeye, mwanzo mpaka mwisho. Niliona haya ukiiona, nikamfunika. Nampenda Salma. Nampenda toka zamani. Ilikuwa mjomba aje kusema kwa adabu, lakini basi, limeshatoka. Nisamehe."

 Hata Zubeda aliutazama mkeka. Jikoni, vikombe vilivyokuwa vinalia navyo vikanyamaza.

"Rudisha nyuma," alisema Bibi Mwanabaraka.

"Mama, basi tena, inatosha."

"Nimesema arudishe nyuma. Mie sijamaliza kuangalia kuku wangu."

Twaha akarudisha mkanda, akauachia. Bibi akaiinamia runinga, mikono kwenye magoti.

"Bi harusi kahama?"

"Hajahama, bibi," alijibu Mwanaidi mwenyewe, aliyekuwa ameketi miguuni pake.

"Kiti chake kimehama?"

"Hakijahama."

"Lile pambo la nyuma yake? Pazia? Limehama hata kidogo?"

"Halijahama, bibi. Kamera ilikuwa kwenye stendi."

"Sasa wewe kijana," bibi akamgeukia Twaha, au tuseme aliigeukia ile sauti yake, "unatuambia kamera yako imemfuata mtu. Imemfuata kwa miguu gani? Mie nisiyeona naona maharusi wametulia tuli, ukumbi umetulia tuli, na hicho cheupe ndicho kinachokuja, kinakwenda, kinarudi tena. Kamera haikumfuata mtu. Kamera ndiyo iliyofuatwa."

Ilichukua muda kidogo neno hilo kuwaingia watu. Kisha vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikageukia mlango wa jikoni. Salma alikuwa amesimama pale na dele la kahawa, na uso wake ulikuwa unatafuta asumini za kujifichia.

"Salma," alisema Bi Mwajabu polepole. "Sinia la halua lilikuwa moja. Mbona umelipeleka pale jukwaani mara zote hizo?"

"Walikuwa wanaomba tena, mama."

"Nani aliomba?"

"Sie hatukuomba," alisema Mwanaidi. "Mie mpaka leo halua sitaki hata kuisikia."

Hapo hata Bi Mwajabu alishindwa. Alijaribu kukunja uso, ukakataa. Akajifunika ushungi mdomoni, mabega yakatikisika, na sebule nzima ikamsaidia kucheka. Twaha peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama runinga, ambamo maua yake mwenyewe yalikuwa yanaingia kutoka kushoto, yanakaa kidogo, yanaondoka, yanazunguka, yanarudi upande wa kulia.  Siku nzima alikaa anamfunika binti huyu, asijue kwamba kila alipomfunika alikuwa amekuja mwenyewe.

"Twaha," alisema Bi Mwajabu alipopata pumzi. "Kaseti hii utairudia. Pindo liwe jembamba, likae mahali pamoja kama pindo la watu wenye akili. Mtoto aonekane."

"Ndiyo, Bi Mwajabu."

"Na mjomba wako, anaitwa nani yule?"

"Mfaume."

"Mwambie Ijumaa nipo nyumbani. Na asichelewe, maana naona nyie mkiachiwa mtamaliza halua ya Temeke yote."

"Shikamoo, Bi Mwajabu," alisema Twaha, kwa kuwa neno jingine hakulipata. Vigelegele vikajibu badala ya marahaba.

Kahawa ikaanza kuzunguka. Salma alimpa bibi, akawapa mashangazi, akampa Zubeda, na mwisho kabisa akafika kwenye deki, aliposimama Twaha. Alimimina kikombe bila kuinua macho, kama ambavyo hakuitazama kamera kwenye kaseti nzima. Kisha akautazama mguu wa kulia wa suruali ya Twaha, ambao pindo lake lilikuwa limefumuka asubuhi ile ile.

"Kaka Twaha," alisema kwa sauti ya chini, "uzi wangu mie haukatikagi wenyewe. Huo umekatwa na wembe. Nilijua tangu ile suruali ya kwanza."

"Ulijua? Sasa mbona ulikuwa unashona tu?"

"Nilikuwa naacha nyuzi nyepesi," alisema Salma, "usipate tabu kufumua."

Akampa kikombe, akaenda kuwaongeza wageni kahawa.